Siku tano za kwenda kusikiliza roki ndefu Malindi

ALHAMISI

Nimetoka nyumbani Lamu baada ya swala ya alfajiri, udi wangu, ile ala ya nyuzi, mgongoni. Mfuko wake zipu ilishakufa kitambo kwa hivyo nimeuzungushia leso mbili za mamangu na kamba ya katani, alafu nikashuka jeti kutafuta boti ya Mokowe. Kusi imeanza kulegea lakini maji bado yanaruka, na nahodha akaniambia, kaka, hicho chombo kipakate kama mtoto, kikiingia chumvi usije kunidai. Nikakipakata mpaka Mokowe.

Kwa asojua safari yenyewe ni ya nini: kila mwaka wikendi ya kwanza ya Septemba tunakutana Malindi nyumbani kwa ami yangu, watu kumi, kumi na tano hivi, tunakaa siku tatu kusikiliza roki ya progresivu. Huu ni mwaka wa sita. Hatuna bango wala tiketi, hata jina hatujalipa, tunaita tu "kikao". Wikendi hii hatukuichagua ovyo, manake ndo wikendi ya tamasha moja dogo kule Marekani linaitwa ProgDay, jimbo la North Carolina, linafanywa shambani, lilianza 1995 na miaka yote hiyo likabaki dogo, watu wanakuja na viti vyao wenyewe wanakaa kwenye majani, bendi chache kwa siku, bas. Ami alihadithiwa habari zake na mgeni mmoja alipokuwa bado anafanya kazi hotelini, akasema kama wao wanaweza kwa shamba, sisi tutaweza kwa ua.

Na kwa asoujua muziki wenyewe, ni ile roki iliyochipuka Uingereza mwisho wa miaka ya 60, ikashika moto miaka ya 70, wapigaji wakachoka na nyimbo za dakika tatu wakaanza kutunga za dakika kumi, ishirini, upande mzima wa santuri wimbo mmoja, ndani yake unakuta filimbi, fidla, vinanda vya kila aina, mdundo unabadilika njiani, hadithi inaanza hapa inaishia nyota za mbali. Wako wanaosema muziki huu ni mrefu unachosha. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisoma tendi za beti mia bila kufungua kitabu, na harusi za kwetu mpiga udi hujipasha moto dakika kumi kabla muimbaji hajafungua mdomo, kwa hivyo wimbo wa dakika ishirini haunitishi hata kidogo. Nilipousikia mara ya kwanza niliona nimerudi nyumbani kwa mlango mwingine.

Barabara siku hizi ni lami mpaka Garsen, si kama zamani tulivyokuwa tunafika nywele nyekundu kwa vumbi. Vizuizi vya polisi ndo vinakula muda, mnashuka, mnapanga foleni na vitambulisho, mnapanda. Hindi, Witu, Minjila, hapo nikanunua maembe yaliyokatwa na pilipili. Kuanzia Marereni mpaka Gongoni unaona mashamba ya chumvi, meupe yanaumiza macho, alafu Mambrui, daraja la Sabaki na maji yake ya kahawia, na hapo unajua Malindi ushafika.

Ami anakaa nyuma ya Shela, manake Malindi nayo ina Shela yake, msifikiri nimerudi Lamu. Alitoka kwetu akiwa kijana kwenda kutafuta kazi, akawa fundi umeme kwenye mahoteli miaka thelathini na kitu, Kiitaliano anakizungumza kama maji. Kuna mzee mmoja Mtaliano, mkazi wa hapa, alipokuwa anarudi kwao kwa ajili ya maradhi alimuachia ami pleya, amplifaya, spika mbili kubwa za mbao na boksi la santuri 41. Akamwambia tu, wewe ndiye uliyekuwa unasimama mlangoni ukisikiliza, ukidhani sikuoni. Ami akihadithia hapo hunyamaza kidogo.

Nimemkuta ukumbini ameshaandika orodha kwa makapeni kwenye kipande cha boksi. "Ndoo, keti, usome kwanza ndo ule," akaniambia. Nikamwambia shikamoo ami, akaitika huku ananinyooshea boksi.

IJUMAA

Asubuhi kazi ni moja tu, kufuta santuri. Unachukua kitambaa cha pamba laini, maji yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni, unafuata duara usikate kati, alafu unazisimamisha ukutani kivulini zikauke. Ami haruhusu mtu aliyekula mahamri azishike kabla hajanawa.

Hapo ndo tukagundua msiba. Santuri ya Le Orme, bendi ya Venice, mwaka wa 1973, inayohadithia sayari mbili, moja ya nuru moja ya giza, ambayo ndo ilikuwa imepangwa kufunga kikao Jumapili usiku, imepinda. Mtu aliiacha karibu na dirisha la magharibi, jua la mchana likaingia siku nyingi bila mtu kujua. Ukiiweka juu ya meza inainuka upande mmoja kama sufuria iliyokwaruzwa na moto. Ami hakugomba. Akaiweka katikati ya vioo viwili vya dirisha, juu akapandisha kamusi na pasi ya mkaa, akasema tutaitazama Jumapili.

Baada ya swala ya Ijumaa wageni wakaanza kufika. Dada mmoja mwalimu wa Mambrui na mumewe, vijana wanne wa Kilifi wenye bendi yao, mvuvi jirani ambaye huja kila mwaka na hasemi kitu, binamu zangu wawili, na mzee wa Barani anayesomesha Kiarabu watoto wa mtaa, huyu ndo mara yake ya kwanza, aliletwa na ami kwa kumbembeleza. Tumekula pilau, tumekunywa kahawa, saa mbili usiku sindano ikashuka.

Usiku wa kwanza siku zote ni wa Wataliano. Ni haki yao, manake Malindi bila Wataliano haihadithiki, na pia manake Italia ndo nchi iliyoipenda progresivu pengine kuliko hata walioizaa. Ya kwanza ilikuwa PFM, bendi ya Milan, jina lao refu ni Premiata Forneria Marconi na wamelitoa kwa duka la mikate, dada wa Mambrui akalipenda sana hilo. 1972 peke yake walitoa albamu mbili, na mwaka uliofuata kampuni ya santuri ya bendi ya Waingereza Emerson, Lake na Palmer ikawatolea moja kwa Kiingereza. Mpigaji mmoja anashika filimbi na fidla kwa zamu, na kuna pahala filimbi inaingia polepole juu ya gitaa la kawaida lisilo na umeme mpaka unasikia pumzi ya mtu ndani yake, siyo sauti ya filimbi tu, pumzi, kabla ya noti. Spika za mbao zinatoa hiyo pumzi. Simu haitoi.

Ya pili Banco del Mutuo Soccorso, wa Roma, nao jina lao ni kama chama cha kusaidiana cha kina mama wa mtaa, na jalada la albamu yao ya kwanza, 1972 pia, limekatwa umbo la kibubu cha kuwekea sarafu, pale penye tundu unavuta ukanda wa karatasi wenye picha zao. Jalada letu ukanda umechanika umegundishwa na gundi ya karatasi, lakini unavutika. Likazunguka mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Bendi hii ina ndugu wawili, mmoja piano mmoja ogani, wanaulizana na kujibizana, na muimbaji wao Francesco Di Giacomo, mtu mnene wa ndevu, Mungu alimpa sauti ya kuimba gizani. Alikufa kwa ajali ya gari 2014. Binamu yangu mdogo hajui Kiitaliano hata neno, alikuwa amefumba macho.

Sasa ya tatu. Area. Nataka niieleze vizuri hii manake ndo usiku wenyewe ulipogeuka.

Area ni bendi ya Milan, muimbaji wao Demetrio Stratos alizaliwa Alexandria, Misri, 1945, wazazi Wagiriki, akafia New York 1979 bado kijana. Albamu yao ya kwanza ni 1973. Sindano ikashuka, zikaja zile kwaruza mbili tatu, na badala ya magitaa ikatoka sauti ya mwanamke, peke yake, anasema maneno kwa Kiarabu. Polepole. Yule mzee wa Barani alikuwa ameegemea mto, nusu amelala, nilimuona akinyanyuka akakaa. Habibi, anasema yule mwanamke, na salaam, na wurud. Mzee akainua mkono tunyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa anazungumza. Alafu bendi nzima ikaingia kwa kishindo kama mlango uliofunguliwa na upepo, na ule mdundo wao wa mtindo wa Balkani unaokimbia bila kukanyaga pale unapotarajia.

Wimbo ulipokwisha mzee akasema, rudisha. Ami akarudisha. Akasikiliza maneno tena alafu akatufasiria, anasema mpenzi wangu, kwa amani nimekuwekea maua ya mapenzi mbele yako. Wurud, akasema, ndo hiyo hiyo waridi yetu. Akamuuliza ami, hawa ni Wataliano? Ami akamwambia ndio mwalimu, na aimbaye ni mzaliwa wa Misri. Mzee akatikisa kichwa akasema nilidhani mmeniita kusikiliza makelele. Alikaa mpaka saa sita na nusu, na alipoondoka aliuliza kesho mnaanza saa ngapi.

JUMAMOSI

Asubuhi tumekodi matatu kwenda Ngomeni, watu tisa. Hii haikuwa kwenye orodha mwaka jana. Ni wazo langu, nililipigania kwenye simu miezi miwili.

Unarudi njia ya Lamu mpaka Gongoni alafu unakata kulia kwenda baharini, katikati ya mashamba ya chumvi, upepo unanusa chumvi na matope ya mikoko. Ukifika ufuoni Ngomeni ukitazama ndani ya bahari unaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu yao kwenye maji, San Marco na jirani yake Santa Rita, kutu imewakula lakini wamesimama. Hapo Wataliano walianza kurusha setilaiti 1967, na ya mwisho iliondoka 1988. Kwa wengi wetu ni kitu cha kupita tu, wazee wanasema "pale kwa roketi", bas.

Lakini tarehe 12 Disemba 1970 pale pale iliondoka setilaiti ya Marekani, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa ya uhuru wa Kenya, mwaka wa saba, wakaipa jina Uhuru. Jina la Kiswahili angani, limetoka Ngomeni. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na ilikuwa ya kwanza kutengenezewa kazi hiyo peke yake. Bwana mkubwa wa utafiti wenyewe alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel 2002. Moja ya vitu Uhuru ilivyovitazama ni Cygnus X-1, kwenye kundinyota la bata maji, ikaona miale yake inacheza cheza kwa kasi ya ajabu, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na kutoka hapo wanasayansi wakaanza kuamini kwamba pale pana shimo jeusi, lile linalomeza hata nuru.

Na 1977 Rush, watatu wale wa Kanada, wakatoa wimbo wa dakika kumi na kidogo unaoitwa kwa jina la hicho kitu, Cygnus X-1, msafiri na chombo chake anakwenda kutumbukia mle ndani kwa hiari yake. Mwaka uliofuata wakautungia sehemu ya pili, ikajaza upande mzima wa santuri.

Nimesimama ufuoni na vijana wa Kilifi nikiwahadithia haya, mkono nimeuelekeza kwa yale majukwaa, na mpiga dramu wao akaniuliza, yani ile ngoma imeanzia hapa? Nikamwambia ngoma imetungwa na Wakanada kwa akili zao, lakini habari za shimo lile dunia ilizipata kwa chombo kilichoondoka pale unapopaona, mbele ya wavuvi wa hapa. Akavua viatu akaingia majini mpaka magotini, akasimama anatazama. Hakuna aliyemwita. Miaka yote nimeambiwa muziki huu sio wetu, hauna chochote cha pwani, na mimi sikuwa na jibu zaidi ya kusema naupenda. Sasa jibu ninalo na limesimama baharini kwa miguu ya chuma.

Santuri ya Rush ami hana. Tukaisikiliza pale pale, spika ndogo ya kijana wa besi, chini ya mvinje, bendi ikianza kwa besi inayokuja kutoka mbali kama mtu anabisha ndani ya ndoto. Upepo ulikula nusu ya sauti. Haikunikera.

Usiku ilikuwa zamu ya wapigaji, hii ndo sehemu pekee ya kikao ambayo ni muziki wa mikono yetu. Vijana wa Kilifi wana gitaa, besi, dramu ndogo na kinanda cha umeme cha kuazima, na mimi na udi. Mwaka huu walikuja na utungo wao wa dakika kumi na nne, sehemu ya kati inakwenda kwa saba, yani mapigo saba kila mzunguko. Waliponipa rekodi mwezi wa sita nilijifunza nikidhani nimeweza, lakini kukaa nao ni jambo lingine. Mkono wangu haujazoea, kila nikifika saba nataka kukamilisha nane, natua pale ambapo wao washaondoka. Tukarudia mara tano. Mdundo wa saba si kitu kigeni kwa roki, Pink Floyd wana wimbo wao wa pesa wa 1973 ule unaoanza na milio ya sarafu, unakwenda kwa saba na dunia nzima inautikisia kichwa bila kujua. Lakini kujua na vidole kujua ni mbali.

Aliyetuokoa ni mke wa ami. Alikuwa anakuna nazi mlangoni kwa jikoni, anatusikia tukihesabu moja mbili tatu nne tano sita saba, akasema nyinyi mnahesabu kama karani, semeni maneno. Kijana wa dramu akamtazama, akatazama mbuzi ya nazi, akatazama sufuria ya samaki, akasema: nazi, nazi, samaki. Na-zi, na-zi, sa-ma-ki. Mbili, mbili, tatu. Saba!

Jamani. Watoto wa nyumba walishika pale pale, wakawa wanaimba wanapiga makofi, nazi nazi samaki, nazi nazi samaki, na mkono wangu ukaacha kubishana. Nikaona mlio wa waya wa juu unaangukia kwenye "sa" kila mara, ule uzito unajua pa kukaa, na ile "ki" ya mwisho inakurusha mbele kwenye nazi nyingine kama mtu anayevuka mtaro. Tulipiga utungo wote dakika kumi na nne na zikawa ishirini manake hakuna aliyetaka kutoka sehemu ya kati. Alafu kijana wa kinanda, anayewapenda Genesis, akasema basi tisa pia imepatikana, ile sehemu ya karibu na mwisho wa wimbo wao mrefu wa 1972, akaicheza kwa mkono mmoja huku anasema samaki, nazi, nazi nazi. Ilikaa.

Mzee wa Barani alikuwepo. Alikuwa anapiga goti kwa kidole kimoja.

JUMAPILI

Mchana joto, watu wamelala. Nimesikiliza peke yangu albamu ya King Crimson, Waingereza, ya 1969, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mlango wa muziki huu wote. Kile kinanda chao kinachotoa sauti ya fidla nyingi kinaitwa Mellotron, ndani kila kitufe kina utepe wake, ukibonyeza utepe unasoma kama sekunde nane alafu unakatika, lazima uinue kidole uanze upya. Ndo maana zile sauti zinatetemeka kidogo kama mtu aliye karibu kulia. Nilikuwa siijui sababu mpaka ami alipofungua redio kaseti kuukuu akanionyesha utepe unavyovutwa.

Usiku, Van der Graaf Generator. Waingereza, lakini kwao hawakushikika, albamu yao hii haikuingia hata kwenye chati, na Italia 1972 ikakaa namba moja wiki 12. Upande wa pili wote ni wimbo mmoja wa dakika 23 kuhusu mlinzi wa mnara wa taa, yuko peke yake juu ya mwamba, anaona vyombo vikivunjika na watu wakizama na yeye hana la kufanya zaidi ya kuwasha taa. Gitaa silo linaloongoza, ni ogani, dramu, saksafoni, na sauti ya Peter Hammill, mara ananong'ona mara anapasua koo.

Mimi huwa nafasiri kwa sauti ya chini kwa wasosikia Kiingereza. Tulikuwa tumefika kati kati, pale ogani inapoanza kulia kama honi ya meli kwenye ukungu, stima ikapotea. Santuri ikazunguka polepole, polepole, sauti ikashuka chini mpaka ikawa kama mnyama anayelala, ikanyamaza. Giza. Nikasikia bahari.

Hakuna aliyesimama. Mke wa ami akaleta kibatari akakiweka katikati. Na mvuvi jirani, ambaye miaka sita hajasema zaidi ya salamu, akauliza, huyo mtu wa taa, mwishowe anakwenda kuwatoa? Nikamwambia nyimbo haisemi wazi, wengine husema anajitupa majini, wengine husema anapata utulivu wake. Akakaa kimya alafu akatuhadithia usiku mmoja wa kusi kali, yuko ufuoni, anaona karabai inapanda na kushuka huko mlango wa bahari, juu, chini, juu, chini, ishara ya kuomba msaada, na mashua yake yeye imepasuka ubao iko nchi kavu. Akawasha moto wa makuti wajue kuna mtu anawaona. Akauchochea mpaka alfajiri. Karabai ilizimika kabla ya moto wake. Alisema hivyo tu, na akasema hakuwahi kusikia nyimbo ya jambo hilo.

Stima ilirudi baada ya dakika arubaini hivi. Ami akashika mkono wa sindano, akamuangalia mvuvi, na badala ya kuendelea pale ilipokatika akairudisha mwanzo. Dakika 23 zote. Zilipokwisha mvuvi akatoka nje, na sisi tukamuacha.

Baada ya hapo ndo ilikuwa wakati wa Le Orme. Ami akatoa vioo, akaiweka santuri kwenye pleya, akainama jicho lilingane na ukingo. Bado. Imepungua lakini bado, inapanda na kushuka, na mkono wa sindano unapanda na kushuka nayo kama mashua iliyofunga nanga kwenye mawimbi. Akaweka sarafu ya shilingi tano juu ya kichwa cha sindano kuupa uzito. Ukaenda mzunguko mmoja, miwili, tukasikia ogani inapumua vipande vipande, neno moja la Kiitaliano, ukaruka. Akajaribu tena. Ukaruka. Binamu yangu akasema si tuiweke kwa simu, ipo kwa simu. Ami akasema hapana, iliyoandikwa ni hii, na hii haijakuwa tayari.

Tukamaliza usiku na vijana wa Kilifi wakipiga polepole ile sehemu yao ya saba bila dramu, mimi nikiwafuata.

JUMATATU

Basi la kurudi lilikuwa liondoke saa moja likaondoka saa tatu na nusu, bila maelezo, na abiria wenye watoto wamekaa juani. Limejaa, udi nimeupakata tena.

Kabla sijatoka ami aliniita chumbani. Amefunga Le Orme ndani ya vioo vyake viwili, nje kanga ya mkewe, kamba pande nne. Akaniuliza lile sanduku la bibi bado liko? Nikamwambia liko, la mninga, halihamishwi na mtu mmoja. Akasema liko upande gani wa nyumba. Nikamwambia chumba cha ndani, hakipati jua kabisa, kuta za mawe ya matumbawe, baridi mwaka mzima. Akasema basi iende ikalale chini ya hilo sanduku mpaka Septemba, na usiiguse kila wiki kuitazama, nakujua.

Pale Gongoni nilijaribu kuyaona majukwaa kutoka barabarani, hayaonekani, ni chumvi tu na mbingu. Mtoto wa kiti cha mbele alikuwa ananitazama nikipigapiga mfuko wa udi kwa vidole, akauliza mamake mbona huyu anasema nazi nazi samaki.

Mokowe tulifika jua limeshashuka, boti ya mwisho. Sasa ni saa nne usiku. Sanduku tumeliinua mimi na kaka zangu wawili, nimetandika mkeka chini, nimeilaza santuri juu ya mkeka na kanga yake, na wao wakalishusha polepole mpaka nikasikia kioo kimekaa sawa juu ya kioo. Nimeandika tarehe kwa chaki ubavuni.